Pepeo za Kumuaga Rais

Boila la kupashia joto Kanisa la Baptisti la Mlima Pisga, mjini Gary, Indiana, lilikuwa na hali mbili tu: limezimika, au jehanamu. Katikati hapakuwa na kitu. Ndiyo maana hata Januari, theluji ikiwa imefika magotini nje, waumini ndani walijipepea kana kwamba wako Mississippi mwezi wa Agosti, kule walikotoka wazazi wao kuja kufanya kazi kwenye viwanda vya chuma. Na ndiyo maana suala la pepeo, ambalo makanisa mengine yangelifanyia mzaha, pale Mlima Pisga lilikuwa zito kuliko suala la paa.

Upepeo wenyewe si kitu cha kutisha. Ni kipande cha karatasi ngumu kilichobanwa kwa pini kwenye kijiti bapa. Upande mmoja una tangazo la nyumba ya mazishi ya Mzee Swanagan, aliyekuwa akizitoa bure kwa matumaini ya baadaye. Upande wa pili una picha, na kwa miaka minane picha ilikuwa ya rais, mweusi wa kwanza kukalia kiti hicho. Sasa rais alikuwa anaondoka. Ijumaa ya wiki ya tatu ya Januari angekabidhi nyumba kwa mwingine, na pepeo zake zilikuwa zimechakaa, nyingine zimetafunwa na watoto wachanga, nyingine hazina sikio.

Msimamizi wa pepeo alikuwa Ozella Tibbs, mjane wa miaka sabini na minne, mkuu wa wahudumu wa mlangoni. Sare nyeupe, viatu vyeupe, glavu nyeupe, na jicho lililoweza kukutoa chingamu mdomoni bila yeye kutamka neno. Watu walimheshimu. Wasiomheshimu walimwogopa, na kwake yote yalikuwa sawa.

Kamati ilikaa ukumbi wa chini, wiki ya kwanza ya Januari.

"Mimi nasema tumuage kwa heshima zake," alisema Dada Vernice Pettway, ambaye sebuleni kwake picha ya rais ilikuwa imetundikwa jirani kabisa na ya Yesu, na ya rais ilikuwa kubwa kidogo. "Pepeo mpya, mia na hamsini. Uso wake, jina lake, na chini tuandike: Asante, mtumishi mwema. Na tarehe aliyozaliwa na tarehe anayomaliza kazi ziwekwe, wajukuu wajue historia."

"Mtumishi wa nani?" aliuliza Terrell Gaines, mwalimu wa shule ya kati, mwenye miaka thelathini na mmoja na kwa hiyo pale kanisani akihesabiwa mtoto. "Mama Pettway, mimi nimempigia kura mara mbili. Lakini baba wa mwanafunzi wangu alikamatwa kituo cha mafuta akarudishwa Meksiko, watoto watatu wamebaki hapa na bibi yao. Serikali ilikuwa ya nani? Na hizo ndege zake zisizo na rubani, zinauliza kwanza chini kuna mtoto?"

"Terrell mwanangu, sukari yangu inajua ni nani aliyenipatia bima. Nilikuwa naigawanya dawa ya siku moja iwe ya siku mbili. Na mama yangu alikufa hajawahi kuruhusiwa kupiga kura hata ya kumchagua mkamata mbwa. Mimi nikimwona yule, namwona mama. Usiniguse hapo."

"Sikugusi, mama. Nauliza tu kama 'mtumishi mwema' lazima tulitumie neno la Bwana mwenyewe."

Mchungaji Lattimore, ambaye kwa miaka minane alikuwa amebobea katika kuuma na kupuliza, alikohoa. "Maandiko yanatuagiza tuwaombee wenye mamlaka. Hayakusema tuwaimbie, hayakusema tuwatukane. Tukishawaombea, kazi yetu imekwisha."

"Kwa hiyo Mchungaji unasema ndiyo au hapana?" Ozella alimuuliza.

"Nasema tuombe."

Wakaomba, kisha wakapiga kura. Pepeo mpya zilipita kwa mikono saba dhidi ya mmoja, na Vernice akatwikwa kazi ya kwenda kwa Swanagan kuagiza. Jina ambalo halikutajwa kikao kizima lilikuwa la Hosea.

Hosea Crump alikuwa mdogo wake Ozella, na kati ya watoto saba wa tumbo moja walikuwa wamebaki wao wawili. Alikuwa shemasi. Ndiye aliyejua kuanzisha tenzi za kale bila kinanda: anaita mstari, kanisa zima linaupokea na kuukokota polepole mpaka nywele zinakusimama. Usiku ule rais aliposhinda mara ya kwanza, Hosea alilia mpaka Ozella akampima presha. Kisha ukaja mwaka ambao rais alisema wanaume wawili wakitaka kuoana waachwe waoane. Hosea akasimama kwenye kikao cha kanisa akasema uso ule utoke kwenye mabenchi. "Nampenda," alisema, "lakini Biblia niliijua kabla yake." Nusu ya watu wakapiga makofi, nusu wakaguna.

Ozella hakuwa na ugomvi mkubwa na hoja yenyewe. Kilichompandisha hasira ni mtu kugusa pepeo zake bila kumwarifu. Akainuka, mbele ya watu wote, akasema, "Hosea, mdomo huohuo ndio uliomkimbiza Lorraine."

Lorraine alikuwa mke wa Hosea. Aliondoka siku moja bila hata kuchukua sufuria zake, na katika ukoo ule hakuna aliyekuwa akithubutu kumtaja. Hosea alichukua kofia yake, akatoka, akahamia Kanisa la Sayuni Jipya ng'ambo ya reli. Ilikuwa miaka minne sasa. Kila Jumapili Ozella alipika mboga za majani, makaroni ya jibini na mkate wa mahindi kwa kipimo cha watu wawili, kisha akala peke yake akiwa amewasha redio ili nyumba isinyamaze. Alimtaka mdogo wake arudi, alimtaka sana. Sentensi iliyohitajika alikuwa anaijua. Ilikuwa fupi. Ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Alikuwa amejipa moyo kwamba rais akiondoka na pepeo zitaondoka, na pepeo zikiondoka Hosea hatakuwa na sababu. Halafu kamati ikapiga kura ya pepeo mpya, na yeye mwenyewe akanyoosha mkono juu. Usiniulize kwa nini. Kiburi hakina ofisi ya maelezo.

Sanduku lilifika Jumamosi asubuhi, siku moja kabla ya ibada ya kuaga. Za zamani zilikuwa zimeshatupwa. Ozella na Vernice walilifungua kwenye meza ya jikoni la kanisa, na Vernice akapiga kigelegele, maana picha ilikuwa imetoka vizuri kweli kweli. Ozella akavaa miwani asome chini.

Jina la rais lilikuwepo, na Asante, mtumishi mwema. Chini yake: Mapambazuko, na tarehe yake ya kuzaliwa. Kisha: Machweo, Januari 20.

Hakuna mtu mweusi wa Gary asiyejua maneno hayo mawili. Yako kwenye ratiba ya kila mazishi, chini ya uso wa kila marehemu.

"Vernice," alisema Ozella taratibu. "Rais amefariki."

Vernice alishika kifua. "Yesu! Lini?"

"Ijumaa ijayo."

Vernice alisoma. Akavuta kiti. "Tumemzika," alinong'ona. "Tumemzika mtu wa watu kabla hajafunga mizigo."

"Haziwezi kuingia kanisani hizi. Terrell atacheka mpaka Pasaka."

"Na boila je? Tutakufa na joto."

Wakampigia simu Mchungaji. Mchungaji akawaambia waombe.

Lakini Ozella hakuwa na hamu ya kuomba. Tangu astaafu kiwandani Hosea alikuwa akimfanyia kazi Swanagan: anaendesha gari la maiti, na siku ambazo hakuna maiti anasaidia kuchapa ratiba. Basi ni yeye. Nani mwingine? Miaka minne ameinyonyesha chuki yake, sasa kapata pa kuitemea. Ozella alivaa koti, akashika upepeo mmoja kama hati ya mashtaka, akatembea mitaa mitano kwenye theluji hadi nyumba ambayo hakuikanyaga tangu siku ile.

Hosea alikuwa barazani akiondoa theluji kwa koleo.

"Umemuua!" alisema dada yake, hata salamu hakuna.

Hosea aliegemea koleo. "Nani?"

"Usiniletee 'nani' hapa. Huyu!"

Alipokea upepeo, akatafuta miwani mfukoni, akasoma. Kwanza mabega yalianza kutikisika. Kisha akalazimika kukaa kwenye ngazi, theluji na yote.

"Cheka. Cheka tu. Ndicho ulichotaka."

"Zella, naapa..."

"Usiape, umekatazwa."

"Basi siapi. Si mimi. Ningekuwa mimi ningeweka na namba ya kaburi." Akafuta machozi. "Wiki nzima nilikuwa na mafua, sijakanyaga kule. Twende tukaangalie karatasi ya oda, uone mwandiko wa nani."

Gari lake mwenyewe lilikuwa limefukiwa na theluji. Lililokuwa tayari barabarani ni lile refu jeusi la kazini.

"Hilo sipandi," alisema Ozella. "Nimejiwekea siku moja tu ya kulipanda."

"Siku hiyo utakaa nyuma. Leo panda mbele."

Akapanda. Walipokatiza mtaa wa Broadway, mzee mmoja aliyekuwa akivuka alivua kofia kwa heshima, na Ozella, bila kufikiri, akampungia mkono. Mzee yule alirudi nyuma hatua tatu. Ndugu wawili wale walitazama mbele, kila mmoja akijitahidi asiwe wa kwanza kucheka.

Karatasi ya oda ilikuwa kwenye faili, kwa mwandiko wa Vernice, wenye mikia na maua. Picha, jina, maneno ya shukrani, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya mwisho. Hosea aligonga mashine ya kuchapia kwa kidole. "Hii ikipewa uso na tarehe mbili, maneno inayaweka yenyewe. Miaka ishirini inafanya hivyo. Hakuna hata mteja mmoja aliyewahi kurudi kulalamika."

Ozella alitazama karatasi. "Hm," alisema.

"Hiyo 'hm' ni samahani?"

"Ni hm."

Hosea akavua koti. Njia ilikuwepo, alisema, ila ni ya kuchosha: uchomoe pini, utoe kijiti, ukate ule ukanda wa tarehe kwenye mashine ya kukatia, urudishe kijiti, ubane upya. Mara mia na hamsini. Akamtuma mtu wa ofisini akalete sanduku kutoka kanisani, akavuta viti viwili, na kazi ikaanza. Ozella akachomoa, Hosea akakata.

"Sijasema namuunga mkono," alisema. "Mimi nakata karatasi tu."

"Hakuna aliyekuuliza."

Upepeo wa ishirini, wa thelathini. Nyuso za rais zikawa zinapanda juu ya meza, zote zikitabasamu.

"Unajua taabu yangu ni nini?" Hosea alisema bila kuinua macho. "Nilimpenda. Bado nampenda. Angekuwa rais mwingine yeyote ningezima televisheni nikale. Lakini huyu nilimwombea kwa jina kila asubuhi, nikafunga kula kwa ajili yake. Halafu anakuja kuniambia nilichofundishwa na mama ni kosa."

"Hakukwambia wewe. Aliiambia nchi."

"Mimi nilidhani nchi ni mimi."

Ozella alichomoa pini. "Mimi naona kuna aliyokosea, na mengi zaidi amepatia."

"Hata mimi. Tunachogombania ni yapi."

Wakafika mia moja. Nje jua la mchana lilikuwa limeanza kuyeyusha barafu kwenye mabomba, na Ozella akaona asiposema sasa atasema lini. "Kesho njoo," alisema. "Hakuna wa kuanzisha tenzi. Wameleta mtambo wa nyimbo, Hosea. Mtambo! Unabonyeza."

Mashine ya kukatia ilisimama. "Aliyenitoa pale si rais, Zella. Na unajua."

Alijua. Sentensi ilipanda mpaka kwenye ulimi, ikageuka, ikarudi zake chini. Ozella akachomoa pini nyingine tano. Hosea alingoja, akaona hakuna kinachokuja, akaendelea kukata. Alipomrudisha nyumbani na sanduku lake alimsaidia kulibeba mpaka mlangoni, akasema kesho Sayuni Jipya ni zamu yake ya kukusanya sadaka, akaenda. Ozella alijitukana kwa sauti jikoni kwake, majina ambayo hayafai kuandikwa na ambayo mkuu wa wahudumu hakutakiwa hata kuyajua.

Jumapili boila liliamka na shetani wake. Ilipofika saa tano pepeo mia na hamsini zilikuwa zinafanya kazi kwa pamoja, na uso wa rais ukawa unakwenda kulia na kushoto kanisa zima. Terrell naye alijipepea, maana joto halina siasa, ila alikuwa ameugeuza wake, uso kwake na Swanagan kwa wenzake. Ukiacha Mchungaji, Vernice na Ozella, hakuna aliyejua kwamba kuna mtu alikuwa amezikwa na kufufuliwa.

Mchungaji alimwita Vernice Pettway aongoze maombi ya kuaga. Watu walijiweka sawa kwenye mabenchi, maana Vernice hajui kuomba kwa ufupi. Ozella alifunga milango na kusimama mbele yake, mkono mmoja mgongoni. Hiyo ndiyo sheria aliyoikuta na kuilinda kwa miaka thelathini na sita: mtu akiwa anaomba, hakuna anayeingia, hakuna anayetoka. Alishawahi kumwacha meya nje na mlinzi wake. Alishawahi kumwacha nje mama wa bwana harusi. Mlango una kioo kidogo cha kupitishia macho, basi.

Vernice alikuwa bado kwenye muhula wa kwanza wa rais, ndiyo kwanza ameigusa bima, Ozella alipoiona kofia kwenye kioo.

Ilikuwa kofia ya Hosea. Chini yake alikuwa Hosea mwenyewe, kwenye ngazi, theluji ikimdondokea mabegani. Alichungulia, akaona watu wameinamisha vichwa, akaelewa. Sheria aliijua vizuri kama dada yake. Akatazama saa; sadaka ya Sayuni Jipya ilikuwa inamngoja. Akaigeukia barabara, alikoegesha gari.

Ozella alishika kitasa, akakiachia. Kumwingiza hawezi; angefungua mlango kwa ndugu yake baada ya kuwafungia wana wa wenzake? Na Vernice hata kwenye vita hajafika. Hosea alishuka ngazi moja. Akashuka ya pili.

Mkuu wa wahudumu alifungua mlango kiasi cha mwili wake, akatoka yeye, akaufunga nyuma yake.

Baridi ilimpiga kofi. Sare ile ilishonwa kwa ajili ya boila.

Hosea aligeuka, akashangaa. "Umetoka kwenye maombi."

"Najua nilikotoka."

"Wamekufukuza?"

"Hosea, nyamaza. Nina neno, na ukinikatiza halitoki tena." Alishika chuma cha ngazi kwa glavu zake zote mbili. "Nilikosea kumtaja Lorraine. Mbele ya watu. Na haikuwa kweli, hakukimbia mdomo wako, mimi nilikuwepo, najua mlivyoishi. Nilitafuta kitu cha kukuumiza nikakipata. Nisamehe, mdogo wangu."

Ndani sauti ya Vernice ilikuwa inapanda. Ameingia muhula wa pili. Hosea alivua koti lake zito, akamvika dada yake, akalifunga kifungo cha juu kama mtu anayemvalisha mtoto wa shule.

"Miaka minne, Zella."

"Yule bwana anaondoka Ijumaa na hajui hata kama tumezaliwa. Nimekula Jumapili mia mbili peke yangu kwa ajili yake."

"Si kwa ajili yake."

"Hapana," alisema Ozella, na hapo machozi yakamtoka, akayaacha. "Kwa ajili yangu."

Ndani kanisa likavuma: amina, amina, wengine kwa shangwe, wengine kwa uchovu. Hosea naye akasema polepole, "Amina."

"Umeitikia maombi ya Vernice?"

"Nimeitikia ya kwako. Ya Vernice nitayafikiria."

Ozella alifungua mlango, joto likawapiga usoni. Wahudumu wenzake walisogea kumpokea mgeni, akawapita wote, akampeleka yeye mwenyewe mpaka benchi la mbele, na koti la mdogo wake likiwa bado mabegani mwake juu ya sare nyeupe.